Majumba ya Jumapili

Mzee Okelo alifariki mwezi wa tatu mwaka huu, kwao kando ya ziwa, akazikwa huko kabla wengi wetu hatujapata habari. Watu wa kanisa lake la zamani hapa Kibera wakaamua kumfanyia ibada ya kumkumbuka, na binti yake Akinyi ndiye aliyenitafuta kwa simu. Nilimjua akiwa msichana wa shule ya msingi. Sasa ni mama wa watoto watatu. Aliniketisha mstari wa mbele, na ibada ilipofika katikati akasimama akawaambia watu kwamba baba yake ndiye aliyepiga picha za majumba mapya ya Nairobi, zile zilizotundikwa kwenye maofisi ya watu wakubwa, na kwamba yupo hapa dada aliyefanya kazi naye mwaka alipozipiga. Nikaitwa mbele. Nikasema alinifundisha kazi. Nikasema alikuwa mtu wa subira. Nikarudi kukaa. Baadaye, tukinywa chai nje, mama mmoja wa kanisa akaniambia, "Mbona umesema kidogo hivyo, na ulikuwa naye mwaka mzima?" Nikamjibu kwamba sauti ilinikwama. Haikunikwama. Nilikuwa na mengi, ila sikujua yapi ni yangu kuyasema na yapi ni ya marehemu. Nimeshapita miaka hamsini. Nikiendelea kungoja nitayasahau, au vibaya zaidi, nitayapamba.

Mwaka wenyewe ni wa tisini na tano. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na mitatu, nikipanga Gatina, Kawangware, chumba cha tatu katika ploti ya vyumba kumi na viwili vilivyotazamana, katikati mfereji wa maji machafu na kamba za nguo. Chumba kilikuwa na kitanda, stovu ya mafuta ya taa, ndoo mbili na kiti kimoja, na hicho kiti kimoja kilinitosha mwaka mzima kwa sababu hakuna aliyekuja kunitembelea. Ukuta baina yangu na jirani ulikuwa wa mbao zilizobandikwa makaratasi ya unga. Upande wa pili waliishi Mama Rozi na mumewe, watu wa Busia, na mazungumzo yao yalipita kwenye ukuta ule kama moshi. Hawakuwa na la maana la kusema. "Chumvi iko wapi?" "Si hapo ulipoiweka." "Hapa hakuna." "Basi nilikula." Kisha kicheko. Nilizoea kuwasha stovu yangu wanapowasha yao, nikapakua wanapopakua, nikala sukuma na ugali wangu polepole nikimsikiliza mume akisimulia habari za mjengo alikofanya kibarua. Hivyo nikawa nala nao, ingawa wao hawakujua. Siku walizosafiri kwenda nyumbani nilikuwa nalala bila kupika. Leo nina nyumba yenye viti vingi, na bado kuna jioni nasimama jikoni sufuria mkononi nikisubiri kusikia mtu akiuliza chumvi.

Kila asubuhi nilitembea kutoka Gatina, nikafuata Barabara ya Naivasha, nikavuka Ngong Road, nikateremka Kibera hadi Laini Saba, ambako Okelo alikuwa na studio yake. Ilikuwa kibanda cha mbao chenye vyumba viwili. Cha mbele kilikuwa na benchi la wateja na ukuta aliouchora mwenyewe zamani, majumba marefu ya rangi ya maziwa chini ya mbingu ya buluu, na watu wa Kibera walikuja wamevaa nguo za Jumapili kupigwa picha mbele ya mji huo ili watume nyumbani. Cha nyuma, kilichozibwa kwa blanketi mbili, kilikuwa chumba cha giza cha kusafishia filamu. Mimi nilikuwa nimejifunza kusafisha picha katika chuo kidogo cha kanisa kule Magharibi, na ndiyo maana aliniajiri. Alikuwa mtu mrefu wa miaka hamsini na kitu, mkewe amekufa, mtoto wake Akinyi yuko kwa dada yake, akija studio siku za likizo tu. Hakuongea sana. Kabla ya kumpiga mtu picha alipima umbali kutoka kwenye pua ya mteja hadi kwenye kamera kwa kamba yenye mafundo, akizungusha lenzi kulingana na fundo. Wateja waliona huo ni umakini wa fundi wa zamani. Na mimi niliona hivyo. Saa saba tulikula pamoja, omena na ugali alioupika mwenyewe kwenye jiko la makaa, kila mtu ameangalia mlango.

Mwezi wa pili akaja Bwana Kariuki, msanifu majengo, mtu wa tai na viatu visivyofaa matope ya Kibera. Miaka mingi nyuma, Okelo alikuwa amepiga picha za jengo fulani la mjini, na Kariuki alikuwa ameziona akiwa mwanafunzi. "Nimekutafuta sana, Mzee," alisema, akiwa amesimama kwa vile benchi lilikuwa limejaa. "Tumemaliza jengo kule Upper Hill. Ghorofa kumi na moja. Sitaki picha za kalenda. Nataka mtu akiliona ajue tulikuwa tunafikiria nini." Akataja sharti moja: watu wasionekane. Wala magari, wala wachuuzi wa mahindi getini. Jengo peke yake. Okelo akasema, "Basi itabidi iwe Jumapili."

Kamera ya kazi hiyo ilikuwa chini ya kitanda chake, ndani ya gunia. Ilikuwa sanduku la mbao lenye ngozi iliyokunjwa kama kodiani, lenzi mbele, kioo cheupe nyuma, na stendi ya miguu mitatu mizito. Unajifunika kitambaa cheusi, unatazama kile kioo, na jengo unaliona humo limesimama kichwa chini, miguu juu. Jumapili ya kwanza nilibeba stendi, yeye akabeba sanduku, tukapanda kilima watu wengine wakienda kanisani. Sijawahi kuusahau mji ule wa Jumapili asubuhi. Barabara pana na hakuna anayevuka. Madirisha mamia na hakuna anayechungulia. Askari wa getini peke yake, na redio yake ndogo. Nilikuwa nimeuona mji huo siku za kazi tu, nikisukumwa na mabega ya watu, na nilikuwa nikidhani upweke wangu unatokana na wingi wao. Pale, mbele ya jengo tupu, nilihisi kitu kama kukutana na mtu wa kwetu.

Okelo alinifundisha akiwa amesimama kando yangu. "Ukiinua pua ya kamera juu, jengo linalala chali, kuta zinabanana huko kileleni. Kamera isimame wima kama askari. Halafu pandisha lenzi peke yake, hii hapa, polepole." Alinifundisha kwamba jua la mbele huliosha jengo likabaki bapa kama sanduku la kiberiti, na jua la ubavuni hutoa kila mbavu ya zege. Kwamba kona ya jengo ikiwa katikati kabisa ya picha, macho hayana pa kwenda. Kwamba anga si nafasi iliyobaki. Anga ni nusu ya kazi. Aliingia chini ya kitambaa, akakaa humo, akazungusha skrubu, akatoka akasema, "Safi kabisa. Angalia uone." Nikaingia. Kioo chote kilikuwa ukungu. Hakukuwa na mstari mmoja uliokaa sawa. Jengo lilikuwa kama kitu kilichozama ndani ya maziwa. Nilidhani ananijaribu. Nikatoa kichwa nimtazame. Alikuwa amegeukia jengo huku akitikisa kichwa kwa kuridhika, na macho yake hayakuwa kwenye jengo. Yalikuwa pembeni, kwenye ukuta mtupu wa ua. Ndipo nikakumbuka ile kamba yenye mafundo. Nikarudi chini ya kitambaa, nikashika skrubu nikaizungusha hadi mistari ikakaza. Ile skrubu ilikuwa na mlio mdogo, kama panya anayetafuna. Najua aliusikia. Nilipotoka nikasema, "Ni safi, Mzee." Akasema, "Weka filamu."

Hatukulizungumzia. Wiki iliyofuata aliposimamisha kamera hakuingia tena chini ya kitambaa. Alisema tu, "Niambie unaona nini." Basi nikaanza kumwambia. Mwanzoni nilisema kama mtu anayesoma orodha: ngazi, nguzo, mlango. Alinikatiza. "Hivyo hata askari ataniambia. Giza la mlango limefika wapi? Ngazi ya ngapi?" Nikajifunza kutazama ili niweze kusema, na nikisema, yeye alijua la kufanya. "Rudi nyuma hatua nne. Huo mti wa kushoto, je, unagusa paa? Usikubali uguse." Kutwa nzima nilikuwa chini ya kitambaa cheusi nikiongea, na nje yake sauti ya mtu akinijibu. Kwa kuhesabu maneno, nafikiri sijawahi kuongea na mtu mwingine kiasi hicho, na bado hatukuwahi kuongea juu yetu. Sikumwuliza macho yalianza lini kufifia, wala nani mwingine anajua. Hakuniuliza naishi na nani. Tukimaliza tulikaa kwenye ngazi tupu za ofisi za watu tukala chapati baridi na chai ya chupa, tukashuka Kibera. Katika chumba cha giza, tukisafisha filamu, mikono yake ilikuwa myepesi kuliko yangu. Humo tulikuwa sawa.

Kuna picha moja lazima niieleze, kwa sababu ndiyo iliyoleta yote. Ilikuwa mwezi wa tano, mvua ya masika. Tulifika Upper Hill asubuhi jua halipo, mawingu mazito, lami imelowa. Okelo alihisi baridi usoni akasema turudi, bila jua hakuna picha. Mimi nilikuwa nimeshaingia chini ya kitambaa. Nikamwambia, "Mzee, ngoja." Kwenye lami kulikuwa na maji yaliyotulia, na jengo lilikuwa limelala humo zima. Kwenye ghorofa ya tisa taa moja ilikuwa imesahauliwa, inawaka. Ghorofa kumi na moja za kijivu na dirisha moja la manjano. Nilisogeza kamera mwenyewe, nikaishusha karibu na ardhi, nikaliweka jengo pembeni kabisa ili lami tupu ichukue karibu nusu ya picha. Alipinga. "Kushoto hakuna kitu?" "Hakuna, Mzee." "Hakuna kabisa?" "Hakuna. Ndiyo maana." Akapapasa mguu wa stendi. Kisha akasema, "Piga." Nilijua nilichokuwa nakipiga. Nilikuwa napiga chumba changu cha Gatina siku Mama Rozi amesafiri.

Kariuki alipokuja kuchukua picha, alizipanga mezani moja moja, akisema nzuri, nzuri. Alipofika kwenye ile ya lami akakaa kwenye benchi bila kujali vumbi. Nilikuwa nikimmiminia chai. Aliitazama muda mrefu akasema, "Mzee Okelo, hii imenigusa. Nimelichora hili jengo miaka mitatu na sikujua lina upweke hivi." Halafu akauliza, kwa upole wa kweli, "Wewe ni mtu mpweke?" Birika lilikuwa mkononi mwangu. Nilimtazama Okelo. Alikuwa ameweka viganja viwili juu ya magoti, uso umeelekea sauti ilikotoka. "Ndiyo," akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo. Kariuki akamshika bega. Nikaendelea kumimina hadi chai ikajaa sahani.

Nilikasirika mwezi mzima. Angeweza kuchukua jengo, angeweza kuchukua sifa ya kazi, maana kamera ilikuwa yake na ujuzi ulikuwa wake. Lakini ule upweke ulikuwa wangu. Nilikuwa nimeupata peke yangu, nikaulisha, nikalala nao. Ilinichukua miaka kufikiri kwamba huenda hakuwa anadanganya. Mtu aliyefiwa na mke, anayepoteza macho kimyakimya katika kazi ya macho, aliulizwa swali akalijibu. Wakati huo sikuwa na nafasi ya wazo kama hilo. Niliendelea kumsomea kioo kila Jumapili, mbele ya majengo mengine ya Kariuki, ila nilianza kumpunguzia maneno. Nikiona kitu kizuri, kivuli cha ngazi kilichokunjika ukutani, ndege aliyetua kwenye nondo, nilikipiga bila kumwambia. Alihisi. "Leo huongei," akasema siku moja tukishuka. Nikasema nina homa.

Mwezi wa kumi na moja Kariuki na wenzake wakaandaa maonyesho katika ukumbi mmoja mjini, Jumamosi mchana. Picha ishirini, zimekuzwa kubwa. Alimwomba Okelo azungumzie chache mbele ya wageni. Ijumaa nilienda ukumbini nikaona zilivyopangwa, nikarudi Kibera nikamwambia mpango wote: ukiingia, ya kwanza ni lango, hatua tatu, ya pili ngazi, hatua tatu, ya tatu ni ile ya lami. Aliirudia kama mtoto anayekariri aya. Jumamosi alivaa suti ya harusi yake. Tulipoingia tu nikaona wamezibadilisha. Mtu alikuwa ameamua picha ya lami ikae mwisho, peke yake kwenye ukuta mweupe, na mahali pake wamepeleka picha ya ngazi. Chini ya kila moja paliandikwa kwa herufi ndogo nzuri: Picha na Okelo. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuziona kubwa hivyo. Nilisimama mbele ya lami yangu, karibu urefu wa mtu, na watu wa suti wakiitazama kimya. Okelo alikuwa ameniachia kiwiko mlangoni, akisalimiana na wageni. Ningeweza kwenda kumnong'oneza. Nilikuwa na muda wa kufanya hivyo mara tatu.

Kariuki alimwita mbele. Okelo akatembea hatua zake, akasimama mbele ya picha ya tatu, akawageukia watu akaanza. Na alizungumza vizuri, Mungu wangu, alizungumza kuliko nilivyowahi kumsikia. Akasema juu ya asubuhi ya mvua, maji yaliyotulia, taa moja iliyosahauliwa ghorofa ya tisa, na nafasi tupu ya kushoto ambayo yeye mwenyewe aliiogopa mwanzoni. Akainua mkono akaionyesha taa hiyo kwa kidole. Kidole kilikuwa kimeelekea ngazi za zege zenye jua kali. Watu wakatazamana. Mama mmoja akacheka kidogo akaficha mdomo. Kariuki akasema taratibu, "Mzee, nadhani hiyo ni nyingine." Mkono wa Okelo ukabaki hewani. Mimi nilikuwa nyuma, mgongo ukutani, na nasema ukweli: kwa pumzi kadhaa nilifurahi. Halafu akaita, si kwa nguvu, "Nafula. Niko mbele ya ipi?" Ukumbi mzima ukageuka kunitafuta. "Ya ngazi, Mzee," nikasema. Akashusha mkono. Akarekebisha koti. Akaanza upya, akaieleza ile ngazi mbavu kwa mbavu, saa tuliyoipiga, upande jua lilikotokea, kila nilichowahi kumwambia kuihusu. Hakukosea hata kimoja. Hakuna aliyecheka tena, na hakuna mtu katika ukumbi ule ambaye hakuwa ameshaelewa.

Tulirudi kwa miguu mchana ule, yeye amenishika kiwiko, kwa mara ya kwanza bila kujifanya anasisitiza jambo. Tulivuka reli, tukapita waliotandaza mitumba, watu wakimsalimia na yeye akiwajua kwa sauti. Tulipokaribia studio akauliza, "Uliona wamezibadilisha?"

"Niliona."

"Saa ngapi?"

"Tulipoingia."

Alitembea kidogo. "Sawa," akasema. Nilimngoja aendelee. Hakuendelea, siku hiyo wala siku nyingine.

Baada ya wiki mbili Kariuki akaniita ofisini kwake, akanipa kazi, na kamera nyingine, mpya. Hakuwa mtu mbaya. Aliuliza habari za Okelo, akaahidi kupita kumwona. Siku ya kumuaga Okelo nilimkuta ameketi kwenye benchi la wateja, akikwangua ugali uliokauka kwenye sufuria kwa kijiko. Shemeji yake alikuwa amekuja kutoka nyumbani kumchukua, yuko ndani akifunga vitu kwenye magunia. Nilisema nilichokuja kusema, haraka, nimesimama. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Jina lako litaandikwa?" akauliza.

"Sijawauliza."

"Waulize. Waulize kabla hujaanza, nyathina." Hilo ni neno la kwao la kumwita mtoto wako, na hakuwahi kuniita hivyo.

Nilitaka kumwambia kwamba picha ya lami ilikuwa ya wawili. Kwamba bila yeye nisingejua kuisimamisha kamera wima, na bila kuulizwa ninaona nini nisingekuwa nimeona. Nilikuwa na maneno hayo mdomoni kabisa. Badala yake nikamwuliza kama anahitaji chochote dukani. Akasema hapana, ana kila kitu, ila nikitoka nivute mlango kwa sababu ya vumbi. Nikauvuta. Nikasikia kijiko kikianza tena kukwangua sufuria, na nikaondoka, nikiwa na haraka ya kijana aliyepata kazi, na sikumwona tena.